Gogo Libaki Mahali Pake

Picha nyingi za toleo hili ni za vitu vidogo: mizizi ya mugumo, utando wa buibui uliolowa umande, uyoga uliochipuka kwenye gogo linalooza. Zimepigwa Arboretum, kando ya Barabara ya State House, na katika Msitu wa Barabara ya Ngong. Tumezipa nafasi kwa makusudi, kwani mkazi wa Nairobi anayengoja simba ndipo atoe kamera hupitwa na mengi yaliyo miguuni pake. Hata hivyo, anayepiga picha ya mlima yuko mbali nao, ilhali anayepiga picha ya uyoga amepiga magoti juu ya makao yake. Kwa hiyo kadiri picha inavyosogea karibu ndivyo wajibu wa mpigaji unavyozidi, na wengi wetu bado hatujaubeba. Vijiti vinavyoziba huvunjwa, kinyonga huhamishiwa tawi la kupendeza, gogo hugeuzwa lipate mwanga. Chini ya gogo hilo mna unyevu unaowahifadhi konokono na jongoo. Likigeuzwa, jua hulikausha. Ndege akichezewa kwenye simu sauti ya mwenzake hudhani eneo lake limevamiwa, akaacha kula au kulisha makinda ili amfukuze adui asiyekuwapo. Kima wanaorushiwa njugu wasogee karibu huzoea kupokonya watu mifuko, kisha lawama huwaangukia wao.

Wapo wanaouliza mtu mmoja mwenye simu atadhuru nini. Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907 kujaribia miti inayokua haraka kwa ajili ya kuni za treni, ina hekta zipatazo 30 tu, na wikendi haji mtu mmoja pekee. Kila anayeacha njia huongeza kuushindilia udongo, hadi maji ya mvua yashindwe kupenya na miche isiote. Hoja nzito zaidi ni kwamba msitu usiopigwa picha hukosa watetezi. Ni kweli, na ushahidi tunao: Novemba 2020 mugumo wa Waiyaki Way, Westlands, uliotakiwa kupisha ujenzi wa Nairobi Expressway, ulisalimika kwa amri ya serikali baada ya wananchi kupaza sauti. Lakini mugumo ule uliweza kupigwa picha kutoka barabarani, bila kuvunja hata kijiti, tena ulinusurika kwa sababu kila mtu aliujua ulipo. Kiota ni kinyume chake: kikishajulikana kilipo, kesho yake kitazingirwa na kamera. Kwa sababu hiyo gazeti hili halitachapisha picha ya kiota chenye mayai au makinda, hata iwe nzuri kiasi gani, wala halitataja mahali kiliposhuhudiwa. Nawe unayetuandalia picha za toleo lijalo, tunakuomba uambatishe maelezo mafupi ya jinsi ulivyoipata kila moja: ulisimama wapi, uligusa nini, na ulipaachaje mahali hapo ulipoondoka.