Kidonge cha Maji Kisiachwe kwa Kuchelea Udhu



Wako mama zetu wengi watumiao kile kiitwacho kidonge cha maji kwa ajili ya shinikizo la damu au uvimbe wa miguu. Siku ya harusi au darsa huacha kukimeza, kwa kuona haya kuinuka kila mara kwenda msalani na kuchelea udhu kutenguka. Wiki hii tukumbushane hatari ya tabia hiyo.

Dawa hii, mfano furosemaidi, huzifanya figo zitoe chumvi, na chumvi hufuatana na maji. Hapo shinikizo hushuka, miguu hunywea na pumzi huwa nyepesi. Mwenye moyo dhaifu akiikosa, maji hujikusanya tena, hata mapafuni. Uzito ukiongezeka kilo 2 kwa siku 3, au mgonjwa akishindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, apelekwe hospitali hima.

Kidonge cha furosemaidi huanza kazi kwa muda wa saa moja hivi, na nguvu yake hudumu kama saa 6. Akimezaye alfajiri huwa ametulia ifikapo adhuhuri. Udhu ukitenguka hutawadhwa upya. Hilo si aibu. Mama na atengewe nafasi karibu na mlango, nasi wanawe tumsindikize bila kununa.

Ama Ramadhani, Sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Anayetamani kufunga amwone daktari kabla ya mwezi kuandama. Huenda akapangiwa saa nyingine, akabadilishiwa dawa, au akashauriwa asifunge. Asijiamulie.

Tuchunge na haya: kuinuka taratibu, kwani kizunguzungu huangusha, kupunguza ng'onda na achari zenye chumvi, kutonunua ibuprofeni au diklofenaki bila kumuuliza daktari, kwa kuwa huweza kudhuru figo. Misuli ikikaza, au moyo ukienda mbio, huenda potasiamu imevurugika, damu ipimwe. Na mja mzito aliyevimba miguu asiazime kidonge cha jirani, bali aende kliniki akapimwe presha.

Mwili ni amana. Allah awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.