Mukubwa akinyamaza, ekipe inaogopa

Asubui, kwenye bisi za kazi kati ya Kolwezi na Fungurume, maulizo imebaki moja: "Kontra yetu itafika mwezi gani?" Shefu wa ekipe anakaa mbele, karibu na dereva, hasemi kitu. Pengine yeye mwenyewe hajui. Lakini wale wanaokaa nyuma yake wanajua kusoma uso wake.

Tukumbuke mambo ilianzia wapi. Mwanzo wa 2025, bei ya kobalti ilianguka mupaka karibu dola 10 kwa libre moja, wakati mwaka 2018 ilikuwa imepita dola 40. Kobalti ilikuwa mingi sana kwenye soko, na sehemu kubwa ilitoka kwetu: Congo inatosha zaidi ya 70% ya kobalti yote ya dunia. Tarehe 22 mwezi wa pili 2025, Serikali ikafunga mulango kwa miezi ine. Mwezi wa sita ikaongeza miezi tatu. Kisha, tangu tarehe 16 mwezi wa kumi, tukaingia katika kota: tani 18.125 mupaka mwisho wa mwaka ule, na tani 96.600 kwa 2026, vilevile kwa 2027. Mwaka 2024 inchi ilikuwa imefikia tani zaidi ya 200.000. Kila mutu ahesabu mwenyewe.

Bei imepanda, ni kweli. Serikali ilitafuta ile, na ikapata. Lakini bei ya London haifiki palepale kwa mutu wa sutretansi mwenye kontra ya miezi tatu.

Tena, kazi haikupunguka sawasawa fasi yote. Kwetu kobalti inatoka pamoja na shaba, katika jiwe moja, na shaba iko na bei nzuri. Ndiyo maana ndani ya shimo makamyo yanaendelea kupakia kama kawaida, lakini ku-uzini, upande wa kobalti, na ku-depo, na kwa wale wanaopeleka mizigo mupaka Kasumbalesa, watu wanahesabu siku. Ndugu wawili wa nyumba moja, mumoja anapata primu, mwengine anatumwa nyumbani kwa konje tekniki. Shefu anayesema "sisi wote tuko katika shida moja" anasema uongo, na watu wanasikia.

Uongo mwengine ni ule wa "musiogope, hakuna kitu." Hapa Katanga hakuna familia inayoweza kuamini ile neno. Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines walitoka kwa ile iliyoitwa "kutoka kwa mapenzi". Watoto waliotoka ku-masomo wakati ule wako leo baba na mama, na hawajasahau. Mwisho wa 2019, Mutanda ilisimama sababu ya bei ileile ya kobalti, ikaanza tena polepole mwaka 2021 tu. Mutu aliyeona mambo ile hawezi kulala juu shefu amemucekea.

Basi shefu aseme nini? Sisi tunaona hivi: aseme kile anachojua, aseme wazi kile ambacho hajaambiwa, na atoe siku ya kurudia na habari. "Siku ya ine nitauliza ku-biro, siku ya tano nitawaambia, hata kama jibu ni mubaya." Na siku ya tano asimame mbele yao, hata kama ku-biro hawakumupa kitu. Kama masaa ya kazi yanapunguka, azungushe posti kwa ekipe yote, si kuwapa marafiki yake. Watu wanaweza kuvumilia kupoteza siku mbili kwa juma. Kuona jina la shemeki ya shefu kila siku kwenye liste, ile hawavumilii.

Kuko jambo lingine ambalo wakubwa wanasahau, nalo ni la hatari. Mutu anayeogopa kufukuzwa hasemi kama freni ya kamyo yake inasumbua. Hasemi kama mukono unamuuma. Anapanda tu, juu ya kuogopa kuitwa muvivu. Wakati kazi inapunguka ndio wakati wa kusema kila asubui, mbele ya wote: anayesimamisha mashini mubovu hatawekwa kwenye liste ya kutoka. Na kushika ile neno.

Kwa wamama wanaosoma hapa: mukiona baba amenyamaza ku-meza, musimuache peke yake na ile hesabu. Pesa ya masomo, ya nyumba, ya bunga, muipange pamoja sasa, mbele barua haijafika.

Na barua ikifika, musitie sinyatire palepale. Sheria ya kazi ya 2002 inaomba kampuni inayopunguza watu kwa sababu ya hali ya kazi ijulishe kwanza wajumbe wa wafanyakazi kwa maandiko. Inaomba pia kupanga nani atatoka kwa kuangalia ufundi, miaka ya kazi na mizigo ya familia. Muulize mujumbe wenu kama ile maandiko iko, na ilifika tarehe gani. Shefu mwenye akili ataenda kuiuliza pamoja nanyi, juu jina lake pia linaweza kuwa ndani.