Dhahabu ya Kilwa Iliyomo Lisbon

Miji ya bandari hupenda kusimulia safari zake kwa upande wa kuondoka. Humwonyesha mgeni gati zilipofungwa meli, mnara ulioziaga na kaburi la nahodha aliyerejea na utajiri. Yaliyowapata wenyeji wa kule meli zilikofika husimuliwa kwa ufupi, au hayasimuliwi kabisa. Lisbon, mji mkuu wa Ureno, ni mfano wa wazi wa tabia hiyo. Sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki tuna sababu ya pekee ya kuutazama mji huo kwa makini, kwa kuwa tu miongoni mwa waliofikiwa.

Nilikaa huko siku nne, peke yangu, baada ya kumalizika shughuli ya kitaaluma iliyonipeleka. Anayetembea peke yake katika mji wa watu hana wa kumharakisha. Husimama mbele ya kila kibao mpaka akimalize, na akitaka kurudi kesho yake mahali palepale, hakuna wa kumuuliza sababu. Niliyoyaona yamenifikisha kwenye hoja moja: ushahidi wa mambo tuliyotendewa haukufichwa Lisbon. Umewekwa hadharani, na baadhi yake uliandikwa na watendaji wenyewe. Kinachokosekana ni wasomaji wake, na kwa sehemu kubwa wasomaji hao walipaswa kuwa sisi.

Watalii wengi huanzia Belém, kitongoji kilicho kando ya mto Tejo, karibu na unapoingia baharini. Ni kutoka hapo Vasco da Gama alipong'oa nanga mwezi Julai 1497 akiwa na meli nne. Mwezi Aprili 1498 alifika Mombasa, kisha Malindi, ambako alipewa rubani wa kumvusha Bahari ya Hindi hadi Calicut. Kaburi lake limo katika kanisa la monasteri ya Jerónimos, jengo la mawe yaliyochongwa kwa ufundi wa kushangaza. Ujenzi wake ulianza mwaka 1501 na uligharimiwa kwa kodi iliyotozwa kwenye biashara ya bidhaa za Afrika na Mashariki. Mgeni anayeinua macho kuzitazama nguzo zile anatazama, kwa maana halisi kabisa, pilipili manga na dhahabu zilizogeuzwa kuwa mawe.

Hatua chache kutoka hapo, ukingoni mwa mto, umesimama Mnara wa Uvumbuzi, wenye kimo cha zaidi ya mita 50 na umbo la meli. Ulijengwa mwaka 1960, chini ya utawala wa kidikteta wa Salazar, kuadhimisha miaka 500 tangu kufariki kwa Mwanamfalme Henrique, aliyedhamini safari za Wareno kwenye pwani ya Afrika Magharibi. Juu yake zimechongwa sanamu 33: wafalme, manahodha, mapadri, washairi, wachora ramani, na mwanamke mmoja tu, naye ni malkia. Rubani wa Malindi hayumo. Chini, kwenye sakafu, imetandazwa dira kubwa ya marumaru yenye ramani ya dunia na miaka ambayo meli za Ureno zilifika huku na huko. Dira hiyo ilikuwa zawadi ya serikali ya Afrika Kusini, mwaka uleule wa mauaji ya Sharpeville. Niliwatazama vijana wakipigana picha wakiwa wamesimama juu ya Afrika, nikajiuliza ni wangapi kati yao wanaojua aliyeigharimia sakafu ile.

Hata hivyo, kitu kilichonishika kuliko vyote hakipo Belém. Kimo katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, jengo ambalo halina foleni ndefu kama za monasteri. Ni chombo cha ibada cha Kanisa Katoliki, kile ambacho huwekwa ndani yake hostia takatifu ili waumini waiabudu. Kimetengenezwa kwa dhahabu, na mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuizunguka sehemu ya hostia. Kazi hiyo inahesabiwa kuwa ya sonara Gil Vicente, na Wareno wanaiona kuwa moja ya hazina kuu za sanaa yao. Kwenye kitako pana maandishi yanayozunguka ukingo wote. Yanasema kwamba Mfalme Manuel wa Kwanza aliamuru chombo hicho kitengenezwe kwa dhahabu na ushuru wa Kilwa, na kwamba kilikamilika mwaka 1506.

Neno la Kireno lililotumika hapo kwa ushuru si neno la biashara. Lina maana ya malipo anayotoa mtawala aliyeshindwa au aliyetishwa kwa mtawala mwenye nguvu kuliko yeye. Na ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1502, katika safari yake ya pili, Vasco da Gama alifika Kilwa na kundi la meli za kivita, akamtaka mtawala wake, Amiri Ibrahim, akubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa dhahabu kila mwaka, la sivyo mji ungeshambuliwa. Amiri alikubali, na malipo ya kwanza ndiyo yaliyopelekwa Lisbon. Kukubali hakukuuokoa mji. Mwezi Julai 1505 Francisco de Almeida aliteremsha askari wake, Kilwa ikaporwa, mtawala akakimbia, mwingine akasimikwa na Wareno, na ngome ikajengwa. Wiki chache baadaye Mombasa ikachomwa moto. Kilwa ambayo Ibn Battuta aliizuru mwaka 1331 na kuihesabu miongoni mwa miji mizuri kuliko yote ikaanza kudhoofika. Wareno wenyewe waliondoka mwaka 1512, baada ya mji kupoteza biashara iliyowavuta.

Haki inanitaka niseme pia kwamba ipo Lisbon nyingine. Karibu na kanisa kuu la mji, gereza la zamani la Aljube, ambamo polisi wa siri wa Salazar waliwafungia wapinzani, limekuwa makumbusho ya upinzani na uhuru tangu mwaka 2015, na mapambano ya watu wa makoloni yametajwa humo. Katika mji wa juu lipo kanisa la Carmo, lisilo na paa tangu tetemeko la ardhi la tarehe 1 Novemba 1755. Kwenye uwanja ulio mbele yake, tarehe 25 Aprili 1974, askari waasi waliizingira kambi alimojificha Waziri Mkuu Marcelo Caetano mpaka akasalimu amri. Maofisa wale vijana walikuwa wamechoshwa na vita vya Angola, Msumbiji na Guinea-Bissau, vita walivyoona haviwezi kushindwa na upande wao.

Hapo ndipo historia yetu inapoingia tena, safari hii kwa heshima. FRELIMO ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1962. Wapiganaji wake walifunzwa Nachingwea, na kiongozi wake Eduardo Mondlane aliuawa kwa bomu Dar es Salaam mwaka 1969. Wakulima wa kusini mwa Tanzania, waliowapokea wakimbizi na kuishi jirani na vita, wana sehemu yao katika uhuru ambao Wareno husherehekea kila Aprili kwa maua mekundu ya mikarafuu ya bustani. Sikuona kibao kinachosema hivyo pale Carmo, wala sikutarajia kukiona. Lakini je, sisi wenyewe tumewahi kukiandika?

Katika siasa za Ureno mjadala huu umeshaanza, ingawa kwa kusitasita. Mwaka 2022, akiwa Maputo, Waziri Mkuu António Costa aliomba radhi kwa mauaji ya Wiriyamu ya mwaka 1972. Mwezi Aprili 2024 Rais Marcelo Rebelo de Sousa alisema nchi yake inapaswa kubeba dhamana ya maovu ya ukoloni na kulipa gharama zake. Siku chache hazikupita kabla serikali haijajibu kwamba haina mpango wowote wa fidia. Mnara wa kumbukumbu ya watumwa, ambao wakazi wa Lisbon waliupigia kura katika bajeti shirikishi ya mwaka 2017, ulikaa miaka kadhaa kwenye makaratasi. Mnara wa kuwatukuza manahodha ulipata fedha na kiwanja mapema zaidi.

Sasa tujitazame. Ni rahisi kuilaumu Lisbon kwa usahaulifu, na lawama hiyo ina haki yake. Lakini nikiuliza darasani nani anajua dhahabu ya Kilwa ilikwenda wapi, mikono inayoinuka ni michache mno. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, miaka miwili kabla ya Jerónimos. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na yalitolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Jerónimos imejaa watu kila siku. Kilwa Kisiwani huvukwa kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, na wengi wa wanafunzi wangu hawajawahi kuivuka. Lugha yetu nayo imehifadhi mengi kuliko mitaala yetu. Tunasema meza, bendera na leso bila kukumbuka Mreno, na neno gereza linatokana na neno lake la kanisa. Mtu atafakari mwenyewe kilichotokea hapa hata jina la nyumba ya ibada likawa jina la nyumba ya kufungia watu.

Wala tusiipambe Kilwa. Dhahabu ile ilichimbwa na mikono ya watu wa uwanda wa Zimbabwe, ikapitia Sofala, na mabwana wa Kilwa waliitoza ushuru mzito. Ulikuwa mji wa matajiri na watumwa wao. Anayedai haki ya historia hana budi kuisema historia yote.

Kwa hiyo sidai kwamba chombo kile kipakiwe kesho na kuletwa. Dhahabu iliyeyushwa, ikawa kazi ya sonara Mreno na kitu kitakatifu kwa waumini wake. Hata tukikubaliana irudi, itabidi kwanza tujadiliane irudi kwa nani. Ninadai mambo matatu ambayo hayahitaji kusubiri mjadala huo. La kwanza, wizara zetu za utamaduni na mambo ya nje ziombe rasmi chombo hicho kiazimwe kuonyeshwa Tanzania, na nakala yake kamili iwekwe Kilwa, pamoja na maelezo ya mwaka 1502 na 1505. Mtanzania anayetaka kukiona leo hulipa ada ya viza ya euro 90 isiyorudishwa hata akinyimwa, achilia mbali nauli. La pili, vyuo vikuu viwasomeshe vijana wachache Kireno na Kiarabu kwa kiwango cha kusoma nyaraka za kale. Hifadhi ya Taifa ya Torre do Tombo, mjini Lisbon, ina barua za watawala wa bandari za Bahari ya Hindi, na Kireno ni lugha rasmi ya SADC, kama kilivyo Kiswahili tangu mwaka 2019. La tatu, somo la historia shuleni lisiishie kumtaja Vasco da Gama kama mtu aliyefika. Limfundishe mtoto alichokitaka, alichokichukua, na mahali kilipo.

Wahenga wa pwani walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mtumishi wa umma anayesoma hapa na ambaye dawati lake linahusika na mambo haya anaweza kuanza na barua moja ya ukurasa mmoja kwenda kwa mwenzake wa Lisbon. Ushahidi hahitaji kuutafuta, kwani Mfalme Manuel aliuandika kwenye dhahabu, akataja na jina la mji.