Msitupe Tochi kwa Sababu ya Mpira

Wenzangu wa bwenini, muhula huu nimeona tochi tatu zikitupwa jalalani, nazo taa zake ni nzima. Kosa lake ni mpira wa swichi tu. Nasema huo ni ubadhirifu. Mpira huzeeka kwa jua, joto na hewa. Ukianza kunata, ufuteni kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, ukauke, kisha upakeni poda. Msipake mafuta ya taa wala ya mgando, huuvimbisha na kuulegeza (wangu wa kwanza niliuharibu hivyo). Ukipasuka hauponi tena. Maji huingia, swichi ikashika kutu. Hapo kateni kipande cha mpira wa ndani wa baisikeli, mkibane mahali pake. Tochi yangu yenye kiraka hicho imevumilia masika yote, nami usiku naiona njia ya chooni, palipouawa nyoka juzi.