Bunduki Haivuki Mpaka

Ndugu zangu wa Busia, Malaba na Tororo, vijana wananiuliza wapi pa kujifunza kulenga shabaha, na wafanyabiashara wanaotembea na pesa za mizigo wananiuliza bastola hupatikana vipi. Sitawakatisha tamaa. Kulenga shabaha ni mchezo wa heshima, humfundisha mtu kutulia na kutawala pumzi yake. Ila nawaomba kwa moyo wote: jifunzeni kwanza, kununua kuje baadaye.

Siku yangu ya kwanza uwanjani, mwalimu aliweka mezani bastola yenye risasi za mazoezi, zisizo na baruti, mtutu ukielekea tuta la udongo. Akaniambia niitoe risasi. Nikavuta kifuniko cha juu, risasi ikaruka. Nikachomoa magazini, nikatangaza kuwa ni tupu. Akavuta yeye, ikaruka ya pili! Nilipovuta mara ya kwanza, magazini ilikuwa bado ndani, ikapandisha risasi nyingine bila mimi kujua. Wangapi wamepigwa na bastola "tupu" ya namna hiyo sebuleni? Magazini kwanza, ndipo uvute, kisha uchungulie chemba kwa jicho na uiguse kwa kidole. Na hata ukishahakikisha, mtutu usimwelekee mtu, wala kidole kisiguse triga kabla hujaamua kufyatua.

Leseni nayo haina njia ya mkato. Kenya utaomba kwa Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha, chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Uganda utaanzia polisi, chini ya sheria ya mwaka 1970. Kote utachunguzwa mwenendo wako, na ulichopewa chaweza kutwaliwa. Ukipewa, nunua sefu siku hiyohiyo. Kabatini chini ya nguo si mahali pa silaha. Watoto wanapajua kabla ya wezi.

Sasa mpaka wetu. Tangu Februari 2018 kituo cha pamoja cha Busia kimetuwepesishia safari, mihuri miwili chini ya paa moja, na mtu husahau kuwa sheria bado ni mbili. Leseni ya Kenya haikulindi ukiwa Tororo, wala ya Uganda haikulindi ukiwa Bungoma. Kama huna kibali cha maandishi cha upande wa pili, iache silaha kwenye sefu. Njia za panya usizifikirie kabisa.

Wazee wetu wa Teso hawahitaji kuelezwa kwa nini nasisitiza. Mwaka 1979, utawala wa Idi Amin wa Uganda ulipoanguka, ghala la silaha la Moroto liliachwa wazi. Bunduki zikatawanyika Karamoja, na kufikia mwishoni mwa miaka ya themanini familia za Teso zilikuwa zimepokonywa ng'ombe zizi baada ya zizi. Ndiyo maana nchi zetu zilitia saini Itifaki ya Nairobi mnamo Aprili 2004, ili silaha zitiwe alama na kuandikishwa.

Na wewe uliyerithi bunduki iliyofichwa darini, isiyo na karatasi: usiibebe kwenye bodaboda kuipeleka kituoni. Usiiguse. Mwone chifu ukiwa Kenya, au mwenyekiti wa kijiji (LC1) ukiwa Uganda, au padri au shehe unayemwamini, awaite polisi waje kuichukua. Nenda wiki hii.