Jedwali la majibu ni la mtahini

Kule Tabaka, Kaunti ya Kisii, mafundi huchonga kete za sataranji kutokana na jiwe laini la huko, nazo huuzwa hadi ng'ambo. Ni wachache miongoni mwetu, hata hivyo, wanaojiuliza mchezo huo waweza kutufunza nini kuhusu mitihani yetu.

Mwisho wa sataranji, kete zinapobaki chache, ndipo ujuzi hudhihirika. Kompyuta zimekwisha kuuhesabu mwisho huo. Kufikia mwaka wa 2018, yalikuwapo majedwali yanayoonyesha matokeo ya kila hali yenye kete 7 au pungufu, wafalme wawili wakiwemo. Programu yenye majedwali hayo haikosei. Lakini je, yajua kucheza, ama yanakili tu?

Anayetaka kuipima kwa haki huiondolea majedwali, akaipa hali ambayo matokeo yake yanajulikana, kisha akatazama. Majedwali hubaki mkononi mwake yeye mtahini, ya kusahihishia. Kwa njia hii udhaifu hufichuka. Programu nyingi za zamani, zikiwa na askofu mmoja na askari wa pembeni dhidi ya mfalme mtupu, zilihesabu mali na kujiona washindi. Kumbe mfalme akiwahi pembe ambayo askofu huyo hawezi kuitawala, hafukuziki, na mchezo ni sare.

Binadamu naye hupimwa vivyo hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Walter Browne, bingwa wa Marekani, alipewa malkia dhidi ya ngome iliyolindwa na kompyuta yenye jedwali. Hatua 31 zingetosha, naye aliruhusiwa 50. Mara ya kwanza alishindwa. Alikwenda akajifunza, akarudi, akafaulu katika hatua ya 50. Ushindi huo ulikuwa wake kwa haki, kwani hakuna aliyemnong'oneza jibu.

Hapa ndipo suala hili linapotugusa sisi wa Kisii na Nyamira. Matokeo ya KCSE ya 2022 yalipotangazwa Januari 2023, alama za baadhi ya shule za Gusii zilizua mjadala mkali, hata Kamati ya Elimu ya Bunge la Taifa ikafanya uchunguzi. Hatumhukumu yeyote. Wapo wanafunzi wengi waliokesha wakisoma, na hao ndio walioumizwa zaidi, kwa kuwa hata alama waliyoitolea jasho hutazamwa kwa jicho la shaka.

Mtahiniwa anayepewa majibu kabla ya mtihani ni sawa na programu yenye jedwali. Hatakosea siku hiyo, lakini chuoni au kazini atakutana na hali isiyo jedwalini, na hapo hatakuwa na la kufanya. Njia ya mwongo ni fupi.

Tunatoa mwito kwa walimu watunge maswali mapya ya majaribio, wadai njia wala si jibu pekee, na wamruhusu mwanafunzi ashindwe mapema ili arudi kujifunza kama Browne. Wazazi nao wakatae kuchanga fedha za kununulia majibu. Nanyi wanafunzi, afadhali alama ya C mliyoipata kwa jasho kuliko A ya kunong'onezwa, ambayo haiwezi kucheza hata hatua moja peke yake.