Kuachilia samaki wadogo majini: Alaska inatufundisha nini?

Kila mara samaki wanapopungua ziwani, wazo moja linarudi: tuzalishe samaki wadogo, tuwaachilie majini, wataongezeka. Jimbo la Alaska, kule Marekani, linafanya kazi hiyo tangu miaka zaidi ya 50. Matokeo yake yanaonyesha kama inawezekana, lakini kwa masharti.

Samaki wao anaitwa samoni. Anazaliwa mtoni, anakomalia baharini, kisha anarudi katika mto ule ule alimozaliwa, anazaa na kufa. Kazi yote inasimamia pale. Kituo kinaangua mayai, kinalea watoto kwa miezi, kinawaachilia. Bahari njo inawalisha, tena bure. Wakisha kuwa wakubwa, wanarudi wenyewe karibu na kituo, na wavuvi wanawangojea.

Alaska ilianza mpango huo mwaka 1971, mavuno yakiwa yameanguka vibaya. Mwaka 1974, sheria iliruhusu mashirika yasiyotafuta faida kufungua vituo. Leo wanaachilia zaidi ya samaki wadogo bilioni 1 kila mwaka. Kituo kinajilipa kwa kuuza sehemu ya samaki wanaorudi, na wavuvi wanakatwa kodi juu ya mauzo yao.

Lakini vituo havikufanya kazi peke yao. Mwaka 1973, Alaska ilipitisha sheria ya kupunguza idadi ya watu wenye ruhusa ya kuvua samoni kwa biashara. Na mito yao mingi ilibaki mizima.

Kwenye mto Columbia, kusini zaidi, mambo yalienda tofauti. Vituo viko pale tangu karne ya 19, lakini mabwawa ya umeme yalifunga njia ya samaki. Aina nyingi za samoni wa mto ule ziko leo kwenye orodha ya viumbe vilivyo hatarini. Hata Alaska kwenyewe kuna mabishano: samaki wa kituo wengine wanapotea njia, wanaingia mito mingine na kuchanganyika na wale wa asili.

Kwa wakaaji wa Vitshumbi ao Kyavinyonge, tofauti ni kubwa. Tilapia wa Ziwa Edouard hana mlango mmoja wa kurudia. Ukimwachilia, anaweza kuvuliwa na yeyote, hata ngambo ya Uganda. Isambaza walioletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika, mwishoni mwa miaka ya 1950, waliongezeka juu walizaa wenyewe mule ziwani. Hakuna kituo kilichowaongeza kila mwaka.

Kwa hiyo, mtu akileta mradi wa kumwaga samaki wadogo ziwani, maswali ni matatu. Nani atalinda sehemu samaki wanapozalia? Nani atazuia nyavu za matundu madogo? Na pesa za mradi zikiisha, nani atalipa? Bila majibu, samaki wale wataishia kwenye nyavu mbele ya kukomaa.